Clarrie Duggan Alivyosikika Barabara Nzima

Kwa miaka yote niliyomjua, Clarrie Duggan alikuwa na maneno matatu tu: mchana, pai, chai. La kwanza alilisema mlangoni huku akivua kofia, la pili akishakaa, la tatu akishakula. Baada ya hapo alirudi kwenye lori lake la matrela matatu, na vumbi likamfunika mpaka wiki inayofuata. Ukimwuliza habari za njiani, anatikisa kichwa. Ukimwuliza hali, anatazama magoti yake kana kwamba ndiyo yanayotakiwa kujibu. Mimi nilikuwa nikimwita Bubu, tena mbele yake, na hakuwahi kununa.

Naitwa Vonnie, mpishi wa Mulga Bore. Kituo chetu kina pampu za mafuta, jiko, meza chache, vyumba vya mabati kwa nyuma, na jenereta inayokohoa. Pande zote ni udongo mwekundu na vichaka vya mulga, na ukitoka kwetu kwenda kituo kinachofuata utakuwa umeimba nyimbo zako zote ukazirudia. Mwenye kituo ni Noreen Pascoe. Yeye na mumewe Merv walikijenga kwa mikono yao wakiwa vijana, na Merv alipofariki watu walidhani Noreen angefunga mwezi uleule. Hakufunga. Alijifunza kuziba matairi, alijifunza kuitapisha jenereta hewa ikiingia kwenye mafuta, na alijifunza kuwafokea madereva walevi, kazi ambayo zamani ilikuwa ya Merv.

Lakini mwili si chuma. Majira haya ya baridi alinijia jikoni, akaegemea sinki, akasema, "Vonnie, nimechoka. Alhamisi watakuja watu wa kung'oa pampu. Nafunga."

Nilikasirika. Nilivunja sahani, nusu kwa makusudi. Kisha nikanyamaza, maana mtu aliyechoka huwezi kumwamrisha asichoke. Na pia nilijua kilichomchosha hasa si kazi. Kazi aliiweza. Kilichomchosha ni kumaliza kazi jioni na kukosa mtu wa kumwambia kwamba imekwisha. Mimi nalala mapema, na nikiwa macho napenda kusikilizwa kuliko kusikiliza. Najijua.

Nimrudie Clarrie. Alizaliwa kwenye kambi ya mafundi wa reli, ambako mama yake alikuwa akifua nguo za wanaume arobaini na hakuwa na muda wa mazungumzo. Utotoni alichunga ng'ombe, na ng'ombe nao si wasemaji. Aliwahi kuoa. Mke alivumilia miaka kadhaa, kisha akahamia Adelaide, akaacha akisema kwamba kuishi na Clarrie ni kama kuishi na kabati. Clarrie hakumlaumu. Alinunua mbwa, akaingia kwenye lori, na tangu hapo maisha yake yakawa barabara hii moja, kwenda na kurudi, akipeleka mabomba na saruji mgodini kaskazini.

Asikudanganye mtu kwamba ukimya wake ulikuwa ubaya. Merv alipokufa, ardhi ya makaburi ilikuwa mwamba mtupu, na watu walianza kuzungumzia kumpeleka mjini. Clarrie alifika, akasikia, akateremsha sururu kwenye lori. Alichimba tangu asubuhi mpaka jua likapinduka. Alipomaliza akaja mezani, akasema, "Pai." Ndivyo alivyotoa rambirambi.

Sasa, redio. Kwenye kaunta ya Mulga Bore kuna redio ya upepo, ile ya madereva kuzungumza wao kwa wao, na haizimwi. Hiyo ni sheria ya Noreen, iliyokuwa ya Merv, na ya wazazi wetu kabla yao kwenye mashamba ya ng'ombe. Huko nje mtu akipasukiwa na injini, au akiumwa na nyoka, hana jirani wa kumwita. Kwa hiyo redio inakoroma kutwa nzima, na sisi tunaishi na umbea wa barabara kama watu wengine wanavyoishi na saa ya ukutani. Na jambo moja kila dereva analijua: ukibonyeza kitufe cha maiki, wewe unasikika, ila husikii mtu. Mpaka ukiachie.

Ilikuwa Jumatatu mchana. Ndani walikuwepo watu wachache. Alikuwepo Macka, dereva wa lori la ng'ombe, mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alikuwepo Shangazi Dulcie, mama wa makamo kutoka kwa wenyeji wa kule vilimani, ambao ardhi hii ni yao tangu kabla ya pampu na kabla ya barabara. Gari lake lilikuwa na pancha na alikuwa akimsubiri Noreen alizibe tairi. Pembeni walikaa mume na mke wastaafu kutoka Melbourne, wanavuta nyumba ya magurudumu kuizunguka nchi, wamekula chipsi na hawana haraka.

Redio ikakoroma, halafu tukasikia injini, na sauti ya mtu.

"Usinitazame hivyo, Sajini. Leo nasema."

Macka aliacha kutafuna. "Nani huyo?"

"Sajini ni mbwa wa Clarrie," nilisema.

"Clarrie gani? Clarrie hana sauti."

Alikuwa nayo, tena nzuri, nzito na ya taratibu. "Nitaingia, nitavua kofia, nitasema: Noreen, nimekuja na ombi. Hapana. Hiyo ni kama naomba choo. Nitasema: Noreen, mimi na wewe tunajuana siku nyingi. Eh, Sajini? Hiyo inafaa? Hapana, hiyo kama polisi anataka kumkamata mtu."

Noreen alikuwa akifuta kaunta. Kitambaa kilisimama.

Macka aliinuka akaikamata maiki yetu. "Clarrie, Clarrie, kitufe chako kimekwama, unasikika huku!" Kazi bure. Aliyebonyeza hasikii.

"Noreen," sauti iliendelea, "nimesikia unafunga Alhamisi. Barabara nzima imesikia. Mimi jenereta naijua. Inakohoa kwa sababu wanalisafisha chujio badala ya kulibadilisha. Magoti yangu hayapandi tena kwenye lori kama zamani, lakini kusimama yanasimama. Nimeshamwambia tajiri wangu kwamba hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Kazi nimeacha, nyumba sina, mbwa ninaye."

"Mungu wangu," alisema yule mama wa Melbourne. "Ameacha kazi kabla ya kuuliza."

"Ndivyo walivyo," alisema Shangazi Dulcie. "Mwaka mzima wamelala, wakiamka wanaamkia darini."

Noreen alinyoosha mkono kwenye swichi ya redio. Uso wake ulikuwa umeiva. Vidole vilifika, vikagusa, vikabaki palepale.

"Redio haizimwi," nilimkumbusha, kwa upole wa kinafiki.

"Najua sheria yangu, Vonnie."

"Nakukumbusha tu."

"Nyamaza."

Tukanyamaza wote. Clarrie hakunyamaza. Alisema mambo ambayo nisingeamini kama ningesimuliwa. Alisema Merv alikuwa rafiki yake na hataki kukalia kiti cha Merv, ataleta chake. Alisema wangeweza kufuga kuku. "Kuku, kwenye jua hili," Noreen alinong'ona. Alisema anajua kwamba Noreen anakula amesimama, sahani juu ya friji, tangu Merv aondoke, na kila akiliona jambo hilo pai humkwama kooni.

Nilimtazama Noreen. Mimi nimefanya naye kazi jiko moja miaka yote hiyo na nilikuwa sijaona kwamba anakula amesimama. Niliona aibu, na nilimpenda Clarrie kwa dakika hiyo kama ndugu wa kuzaliwa naye.

Halafu akasema, "Na zile pai, Sajini, Mungu ananiona. Ngumu kama tairi la akiba. Nimezila miaka yote hiyo kwa sababu mtu hawezi kukaa mezani pa watu bila kuagiza kitu."

Macka alicheka mpaka akashikilia meza. Shangazi Dulcie alifunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yalimsaliti. Hata yule mzee wa Melbourne, mgeni asiyejua mlango wala dirisha la nyumba hii, alikuwa anajifuta machozi.

"Cheka, Macka," nilisema. "Wewe unakula mbili mbili."

"Mimi sina meno ya nyuma, dada. Nameza."

"Mara ya kwanza," Clarrie alikuwa akiendelea, na sasa sauti ilishuka, "nilikuja na maneno haya haya. Nikafika, ukaniuliza kama nataka mchuzi wa nyanya. Nikasema ndiyo. Nikaondoka. Mara ya pili alikuwepo Macka." Macka aliacha kucheka. "Leo ni ya tatu, na hakuna ya nne. Nikishindwa leo naenda kwa dada yangu Port Pirie, nikae barazani nihesabu magari. Sajini, nikishindwa, uning'ate."

Tukasikia breki. Si kwenye redio. Nje.

Noreen aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja kwa jicho ambalo amelitumia kwa walevi. "Mtu yeyote atakayemcheka, atakayemkonyeza, atakayekohoa vibaya, namtoa nje na hatapata dizeli hapa tena."

"Mpaka Alhamisi," alisema Macka.

"Macka."

"Nimefunga mdomo, bosi."

Tulikuwa tunajua sote kilichokuwa hatarini. Clarrie ni mtu ambaye mkimwimbia wimbo wa kuzaliwa anatorokea mlango wa nyuma. Akijua kwamba tumemsikia, atageuza lori na hatumwoni tena. Asipojua, huenda akapiga moyo konde akasema. Na asiposema, Alhamisi inakuja, pampu zinang'olewa, Noreen anakwenda kuishi chumba cha nyuma kwa binti wa kaka yake, na Mulga Bore inabaki mabati yanayopiga kelele kwenye upepo.

Kwa hiyo tulijitia hamnazo. Macka alisimama mbele ya ramani ya ukutani akaisoma kwa makini, ramani ya barabara aliyoipita tangu ndevu zake hazijaota. Wastaafu walishikana mikono juu ya meza. Shangazi Dulcie alijifanya amesinzia, na alifanya vizuri kuliko sisi sote.

Clarrie aliingia. Akavua kofia. Alikuwa amechana nywele kwa maji.

"Mchana."

"Mchana, Clarrie," alisema Noreen, na sauti yake ilitoka nyembamba.

Akakaa. Tukasubiri. Alitazama kaunta, alitazama dirisha, alitazama kofia yake.

"Pai," alisema.

Nilimwekea pai, kwa kishindo kidogo, siwezi kukataa. Noreen alisimama juu yake na chupa mkononi. Nilimwona anahangaika kutafuta swali lingine, swali lolote duniani, na hakulipata.

"Mchuzi wa nyanya?"

"Ndiyo."

Akala. Kituo cha barabarani huwa hakina kimya kama kile. Uma ulisikika, jenereta ikasikika, hata nzi walisikika. Clarrie aliinua macho.

"Kuna msiba?"

"Bado," alisema Shangazi Dulcie, macho yamefumbwa.

Akamaliza. Akanywa chai. Akainuka, akaiweka kofia kichwani, akasimama pale akiwa amefungua mdomo, na nilihisi moyo wangu unapiga kwa niaba yake. Sema, mwanaume. Sema hata neno la nne.

"Haya," alisema. "Barabara ndefu."

Akaenda mlangoni. Mkono ulikuwa umeshagusa kitasa Noreen aliposema, "Clarrie. Kitufe cha maiki yako kimekwama."

Hakugeuka. Nyuma ya shingo yake ikaanza kuwa nyekundu, ikapanda mpaka masikioni.

"Tangu wapi?"

Macka ndiye aliyejibu, na kwa mara moja maishani mwake alijibu kwa adabu. "Tangu kwenye tangi la maji, kaka."

Clarrie alisimama akihesabu yote aliyoyasema kuanzia tangi mpaka kwetu. Ni mwendo mrefu. Ilimchukua muda.

"Mbwa hukaa juu yake," alisema hatimaye. Kisha akanitazama. "Vonnie, ile habari ya pai..."

"Usiongeze," nilisema.

Akatoka. Mlango ulijifunga polepole, kama kawaida yake. Tukasikia mlango wa lori, injini ikanguruma, na matrela yakapita dirishani, la kwanza, la pili, la tatu, na nyuma yake vumbi jekundu. Hakupiga hata honi.

Nilimgeukia Noreen na hasira zangu zote. "Kwa nini umemwambia? Si wewe uliyetukataza?"

"Niliwakataza kumcheka." Alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. "Angekuja kuambiwa na Macka kesho kutwa."

"Kweli," alikiri Macka.

"Na mimi siwezi, Vonnie. Siwezi kukaa na siri ya mtu, nimpe chai, nimtazame usoni, na yeye hajui. Merv hakunifundisha hivyo. Kama ni kwenda, aende akijua ukweli." Sauti ikamkatika. "Lakini sikutaka aende."

Hilo ndilo lililoniumiza. Alilisema waziwazi, mbele ya wageni, na mtu mwenyewe alikuwa ameshakwenda, asingeweza kulisikia. Shangazi Dulcie alifumbua macho, akainuka, akamwekea mkono begani. Mimi nilichukua sahani ya Clarrie. Alikuwa amekula pai yote, hata ukingo wake, ule mgumu.

Redio ikakoroma.

"Mulga Bore, Mulga Bore." Ilikuwa sauti yake, lakini sasa imekaza, kama ya mtu anayebeba kitu kizito. "Mulga Bore, hapa Clarrie Duggan. Nimemtoa mbwa juu ya maiki. Naishika mwenyewe."

Noreen hakusogea. Ilibidi nimsukume. Aliichukua maiki yetu kama kitu cha moto. "Hapa Mulga Bore."

"Noreen, hii chaneli ni ya watu wote."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nataka ujue kwamba na mimi najua." Tukamsikia akivuta pumzi. "Yale uliyosikia nilikuwa namwambia mbwa. Hayahesabiki. Sasa nakwambia wewe. Ana kwa ana siwezi, nimejaribu, nimekula pai tatu. Lakini hapa naweza, na asikie anayesikia. Usifunge. Nataka kuja kukaa hapo na wewe. Kama mfanyakazi ukitaka mfanyakazi. Kama mume ukitaka mume. Hilo la pili ndilo ninalolitaka mimi. Nimemaliza."

Akaachia kitufe. Na kitufe kikishaachiwa, unasikia. Chaneli ilikuwa kimya, lakini ule ukimya wenye watu ndani yake. Kisha sauti ngeni ikaingia, ya dereva fulani huko mbali kusini, hafifu, imejaa mchanga.

"Mama Mulga Bore, mjibu mzee wa watu. Tuna lori pana hapa, lenye mzigo uliojaza barabara, tunataka kuwaonya wanaokuja mbele."

"Subirini zamu yenu," alisema Noreen, kwa ukali wake wa siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi yaanze nikaisikia ile sauti ya zamani. Akakaza mkono kwenye maiki. "Clarrie, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mfanyakazi sihitaji. Vonnie ananitosha, hata na pai zake." Nililiacha lipite. "Hilo la pili nalitaka. Geuza hilo lori."

Nadhani barabara nzima ilishika pumzi.

"Siwezi," alisema Clarrie. "Matrela matatu, mpaka kwenye korongo hakuna pa kugeuzia. Na mabomba ya watu ninayo. Niyapeleke kwanza, nishushe, nimkabidhi tajiri lori lake. Nitarudi na gari la posta. Siku ile ile ya pampu, Alhamisi."

"Basi peleka mabomba ya watu," alisema Noreen. "Na uendeshe polepole."

"Sawa." Halafu, kama mtu ambaye amegundua kwamba maneno hayaishi hata ukiyatumia, akaongeza, "Noreen, una sauti nzuri kwenye redio. Sikujua."

"Achia kitufe, Clarrie. Watu wana lori pana."

Macka alikuwa analia waziwazi, tumbo linatikisika, na hakuona haya. Yule mama wa Melbourne alinikumbatia ingawa hanijui. Shangazi Dulcie alisema vizuri sana, hongereni, sasa nani anaziba tairi langu?

Noreen alirudisha maiki mahali pake. Akanyoosha aproni. Akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga namba aliyokuwa ameikariri kwa huzuni wiki nzima, akangoja.

"Hapa Mulga Bore," alisema. "Habari ya zile pampu. Alhamisi msije." Alisikiliza kidogo. "Hapana, wala Ijumaa. Msije."